Jirani Yako Yupo?

Watu wengi wakinikuta nimesimama kando ya basi kubwa huniuliza, "Dereva yuko wapi?" Ndiye mimi. Mwanamke, mnene kiasi, na sina subira na mtu anayemenya mayai ya kuchemsha ndani ya gari lililofungwa madirisha. Kama una neno, liseme sasa, maana tukianza kupanda mlima sitaki kuongeleshwa. Ila leo sijisemei mimi. Nataka kumsema mama mmoja niliyefanya naye kazi, na mumewe, kwa sababu huko ofisini jambo lao linasimuliwa kana kwamba ulikuwa uzembe tu, na kila nikilisikia hivyo damu inanichemka.

Gari letu ni la matembezi ya siku moja. Tunaondoka asubuhi, jioni tumerudi. Tunapeleka watu kwenye maporomoko, kwenye mji mdogo wa kilimani wenye maduka ya vikapu na vyungu, kwenye mashamba ya maua, na kwenye bustani ile ambako watoto hupanda treni ndogo na kulisha sungura. Abiria wetu ni wale wale: wastaafu, wajane, familia zenye watoto wa kutapika, na wachumba wanaokwenda kukaa nyuma wakidhani dereva hana kioo. Ninacho, na ninaona yote.

Mwongoza wageni wetu alikuwa mama mfupi, mkavu, mwenye raba nyeupe asizowahi kuziacha zichafuke na filimbi shingoni asiyowahi kuipuliza. Begani alining'iniza mkoba wenye plasta, limau la kunusa, pini, sindano na uzi. Akishika maiki hata aliyenuna hucheka. "Kulia kwenu," atasema, "ni mlima maarufu. Kushoto kwenu ni mlima mwingine, huo hakuna anayeutazama, basi nyie wa kushoto utazameni nao usijisikie vibaya." Mzaha ule ule kila safari, na mimi kila safari nacheka. Jina lake halisi liko kwenye kadi ya kazi. Abiria walimwita Mama Jirani.

Jina hilo lilikuja hivi. Zamani tulihesabu vichwa, kama wanavyofanya watu wote wa magari ya matembezi. Siku moja kule mji wa kilimani vichwa vikahesabiwa, vikatimia, tukaondoka. Kumbe bwana mmoja wa gari jingine, kalewa, kapanda kwetu na kujilaza kiti cha nyuma, na bibi mmoja wa kwetu kabaki chooni! Hesabu sawasawa, watu si wenyewe. Tuliporudi tulimkuta bibi wa watu amekaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, amekumbatia mkoba wake. Hakutukana, na ingekuwa heri angetukana. Alisema tu, "Kwani katika wote humo, hakuna aliyeona kwamba sipo?"

Neno hilo lilimchoma mwongoza wageni wetu. Safari iliyofuata akaja na sheria yake. "Kuanzia leo," akasema kwenye maiki, "vichwa hatuhesabu, na hakuna mtu kujisemea mwenyewe. Kila mtu atamjibia aliyekaa naye. Nitapita kiti kwa kiti niulize, Jirani yako yupo? Wewe utamtazama usoni kwanza, ndipo ujibu. Aliyekuja peke yake nitamtafutia mwenzake. Humu ndani hakuna mtu wa peke yake."

Jamani, watu waliipenda! Watoto waliijibu kwa kupiga kelele mpaka masikio yaume. Wazee waliopanda asubuhi hawajuani walishuka jioni wakiulizana habari za magoti. Na hatukumwacha mtu tena, miaka yote ile, mpaka siku ninayokwenda kuisimulia.

Mumewe alikuwa dereva wa gari hilo hilo kabla yangu. Tulimwita Taratibu. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa iliyoushika usukani kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, wakati madereva wengine walikuwa wakiweka dau la lini nitalia na kurudi jikoni. "Mwanangu," alikuwa akiniambia, "abiria akimwaga chai, kosa si la abiria." Mimi nina hasira za karibu, yeye hakuwa nazo hata za mbali. Nikipiga honi ovyo alinitazama tu, mpaka naona aibu.

Kusahau kulimwanza polepole, kama yeye mwenyewe. Kwanza majina. Halafu funguo, halafu kama amekula. Tukacheka naye, tukasema uzee huo, nani hasahau? Hadi siku moja tukiwa tunatoka mashamba ya maua, aliingia kwenye mzunguko wa barabara akaanza kuzunguka. Akazunguka, akazunguka tena. Mimi niliyekuwa nimekaa kiti cha msaidizi nikaelewa kwamba hajui atokee wapi. Nyuma abiria walianza kuguna. Mkewe akachukua maiki, sauti yake haikutikisika: "Ndugu zangu, leo tumeamua myaone vizuri maua haya ya katikati, maana mwaka jana mlilalamika tuliyapita haraka." Watu wakapasuka kicheko. Yeye akainama sikioni mwa mumewe, akamwambia, "Hapo, baba, kwenye bango la bluu. Toka hapo." Akatoka. Ndiyo ilikuwa safari yake ya mwisho kuendesha.

Tangu hapo mimi nikashika usukani, na Taratibu akahamia kiti cha abiria, cha mbele kabisa, dirishani, mkewe pembeni yake. Kumwacha nyumbani haikuwezekana. Binti yao wa pekee anaishi mji wa mbali, ana kazi na watoto wadogo. Na Taratibu aliwahi kuwasha jiko akatoka kwenda kununua sabuni, akapatikana stendi akiulizia gari lake. Basi akawa anakuja nasi. Alitazama barabara, akakanyaga breki isiyokuwepo kila nilipokaribia kona, na akishuka watu walimshika mkono mmoja mmoja, kwa zamu, bila kuambiwa.

Siku moja tulikuwa tukiosha vikombe nyuma ya gari, mimi na Mama Jirani, yeye akasuuza kikombe kimoja mpaka nikadhani atakitoboa. Kisha akasema, "Nyumbani hanijui tena."

"Usiseme hivyo, mama."

"Nisiseme nini? Jana aliniuliza kama mimi ndiye nesi wa zamu. Akaniambia mke wake akirudi nimwambie chakula kiko mezani. Nyumba yangu mwenyewe, sebule yangu, picha yetu ya harusi ukutani, na hanijui." Akaweka kikombe chini. "Lakini humu garini, nikimuuliza jirani yako yupo, ananigeukia, ananitazama usoni, anasema yupo. Unamsikia? Anasema kwa nguvu. Mara moja asubuhi, mara moja kila tukipanda. Hapo ndipo nilipobaki mimi. Wakimtoa humu, nitakuwa nimebaki wapi?"

Ni kweli nilikuwa nikimsikia. Mzee aliyesahau jina la bintiye alilisema neno lile kwa sauti ya dereva: "Yupo!"

Wa kumtoa alikuwepo. Meneja wetu, kijana wa watu, hana ubaya, ila malalamiko ya abiria yanamkosesha usingizi. Kuna siku Taratibu aliinuka gari likiwa mwendoni, akanigusa bega. "Mwanangu, umechoka, shuka nikupokee." Sisi wenyeji tulilizoea. Abiria mgeni akaingiwa na hofu, akapeleka malalamiko ofisini. Meneja akamwita Mama Jirani, na mimi nikaenda naye ingawa sikuitwa.

"Mama, namheshimu sana mzee," Meneja akasema. "Ila gari la matembezi si wodi ya hospitali. Akianguka? Akipotea? Nikisikia bado yumo humo ndani, mwisho wake ndio huo, na wako pia."

Na tuseme haki, hakukosea kwa yote. Hilo ndilo linaloniuma. Binti yao naye alikuwa akimwambia mama yake kwenye simu maneno hayo hayo, kwamba kuna nyumba nzuri ya wazee karibu na kwake, yenye manesi na bustani. "Mama, siku yakitokea ya kutokea usiniambie sikukuomba."

Mama Jirani alitoka ofisini akanyoosha mgongo. Wiki iliyofuata akamkatia mumewe tiketi kama abiria yeyote, akampandisha. Wenyeji wote wa gari wakaingia kwenye njama. Hakuna aliyewaomba. Mmoja akisikia gari la Meneja, anakohoa. Mwingine alileta miwani nyeusi eti Mzee aivae asijulikane, tukacheka mpaka machozi, kwa sababu alipoivaa alionekana jambazi. Kinara wa njama alikuwa Bibi wa Kofia, mjane anayekuja kila safari na kofia pana kama sinia, inayomzibia kila anayekaa nyuma yake. Nimemgombeza juu ya kofia ile mpaka nimechoka.

Siku yenyewe tulikuwa tunakwenda maporomoko. Abiria wamekwisha kupanda, namalizia kukagua matairi, mara huyo Meneja, na mkoba mgongoni, anatabasamu. "Leo natembea na nyie. Nataka nione kazi inavyokwenda."

Lakini Bibi wa Kofia alikuwa mwepesi kuliko sisi sote. Kabla Meneja hajakanyaga ngazi, alishamwinua Taratibu kutoka kiti cha mbele na kumshika mkono. "Kaka, twende zetu nyuma, huku mbele kuna upepo." Mzee akamfuata kwa adabu. Meneja aliajiriwa Mzee ameshaacha usukani, hakuwahi kumwona ana kwa ana, alimjua kwa sifa tu. Akaja akakaa pale pale mbele, dirishani, kwenye kiti cha Taratibu. Mama Jirani akakaa pembeni yake na kuanza kuongea kuhusu hali ya hewa.

Pale maporomoko maji hurusha manyunyu mpaka njiani, kwa hiyo kampuni huwapa watu wote makoti ya mvua ya njano. Ukungu ulikuwa umeshuka. Meneja alimganda Mama Jirani kama kupe: hili bango limeandikwa lini, hapa watu husimama muda gani, vyoo vinasafishwa na nani. Yule mama alijibu yote huku macho yake yakimtafuta mumewe katikati ya makoti ya njano, na kila akimwona yuko na Bibi wa Kofia, mabega yake yalishuka kidogo.

Wakati wa kurudi, Bibi wa Kofia alimpeleka Mzee chooni akamsubiri nje. Akasubiri, akasubiri. Kisha akaona kwa mbali, ndani ya ukungu, mtu mrefu wa koti la njano ameshikana mkono na Mama Jirani wanaelekea kwenye gari. Akashukuru. Akajua mke amepata upenyo, amemchukua mumewe. Kumbe yule alikuwa mstaafu mmoja aliyeteleza, Mama Jirani akamsaidia kushuka ngazi; Mzee mwenyewe alikuwa ametokea mlango wa pili wa choo, akapotelea ukunguni.

Watu wakapanda. Mama Jirani akainuka kupita kiti kwa kiti kama kawaida yake, Meneja akamzuia. "Mama, kwa nini ujichoshe? Maiki si ipo? Uliza kutoka hapa hapa, watajibu. Tutaokoa muda."

Angeweza kukataa. Lakini mtu mwenye siri hana nguvu ya kubisha. Akasimama mbele, mgongo kwenye kioo, akaanza.

"Kiti cha mbele. Jirani yako yupo?"

Meneja akacheka, akamnyooshea kidole. "Yupo!"

Niliuona uso wa Mama Jirani pale kando yangu. Miaka yote neno lile lilitoka kwenye kiti kile kwa sauti nyingine. Akaendelea. Yupo, yupo, yupo, ikapita ikirudi nyuma, mpaka viti vya mwisho ambavyo kutoka mbele huvioni, migongo ya viti ni mirefu na kofia ile imeziba njia.

"Nyuma kabisa, kulia. Jirani yako yupo?"

Bibi wa Kofia alikuwa na kiti kitupu kando yake. Kichwani mwake Mzee alikuwa mbele na mkewe, amefichwa mahali fulani. Akisema hayupo, Meneja atauliza nani hayupo. Atasimama, atatafuta, siri itafichuka. Basi akajibu kwa kumsitiri, kwa mapenzi kabisa.

"Yupo!"

Mama Jirani akafumba macho, akashusha pumzi. Nikatia gia.

Chini ya mlima tunasimama kunywa chai. Meneja akashuka kupiga simu. Mama Jirani akamimina chai kwenye kikombe cha mumewe, akaweka biskuti mbili kwenye kisahani, akaenda nyuma nao haraka haraka kabla kijana hajarudi. Nilikuwa namtazama kiooni. Sikusikia ukelele. Niliona tu kikombe kinainama na chai inamwagika kwenye zulia, na yeye haoni.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Si uko naye mbele?" Bibi wa Kofia akasema. "Nilikuona umemshika mkono. Yule wa koti la njano."

Gari zima lilikuwa na makoti ya njano. Bibi wa Kofia akaivua kofia yake, mara ya kwanza namwona kichwa wazi, akaiweka magotini. "Mungu wangu," akasema, "mimi nilidhani namsitiri."

Meneja alipopanda, Mama Jirani alimfuata mlangoni. "Mume wangu amebaki juu," akamwambia. "Nilimficha humu. Unifanye utakavyo, lakini kwanza nirudisheni."

Nampa kijana yule haki yake. Alibadilika rangi, akanigeukia akasema, "Dereva, geuza."

Sikuendesha alivyonifundisha Taratibu. Chai zilimwagika, vikapu vilianguka, hakuna aliyelalamika. Mvua ikaanza. Mama Jirani alisimama mlangoni njia nzima, ameshika bomba, nikimwambia kaa, hasikii. Midomo yake ilikuwa inacheza, nikadhani anaomba. Baadaye nikatambua alikuwa anaulizia viti, kimoja kimoja, kutoka mwanzo.

Kule juu maegesho yalikuwa matupu na giza limeanza kuingia. Mlinzi alitukimbilia na mwavuli, amekasirika. "Yule mzee ni wenu? Amenigombeza tangu mlipoondoka. Kuna gari limetaka kuegesha pale, amelizuia kwa mwili wake! Nimemwita kibandani ajikinge, amekataa."

Taratibu alikuwa amesimama katikati ya mistari ya nafasi yetu, ile tunayoegesha siku zote, ametandaza mikono yake mikubwa kuizuia isichukuliwe. Koti lilikuwa wazi, shati limemgandia mwilini. Mama Jirani aliruka kabla sijasimama sawasawa. Nami nikashuka nyuma yake, ndiyo maana niliyasikia maneno yao.

Mzee alimtazama akamhurumia. "Pole, mama," akamwambia. "Na wewe umeachwa? Njoo usimame hapa nami, usilie. Gari litarudi. Mke wangu ndiye mwenye gari hili, na yeye haachi mtu."

"Haachi mtu?" akauliza mkewe.

"Hajawahi," akasema Taratibu.

Yule mama akamfunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, mpaka cha juu. Mimi nilirudi nyuma ya gari nikalia kwa kwikwi, na asiyependa dereva wa kulia akapande gari jingine.

Mvua ile ilimwingia Taratibu kifuani. Akalazwa. Binti yao akaja na gari la usiku, akamkumbatia mama yake pale wodini, na hakumlaumu. Afadhali angemlaumu. "Mama, nilikuomba," ndilo neno pekee alilosema, na mama yake akajibu, "Najua." Taratibu alipopata nafuu alichukuliwa moja kwa moja kwenda nyumba ya wazee. Mama Jirani akaachishwa kazi. Meneja alimwambia kwa upole, akamwita mama mara nyingi, lakini ndiyo hivyo.

Mama Jirani alihama akapanga chumba karibu na ile nyumba ya wazee. Nikipata nafasi nilikwenda kumtembelea. Chumba kidogo, kitanda kimetandikwa shuka kama cha askari, raba nyeupe mlangoni, filimbi kwenye msumari. Kila siku saa za kutembelea wagonjwa alikwenda kukaa na mumewe. Kila siku mumewe alimshukuru. "Asante, nesi."

"Kumwuliza nimemwuliza," aliniambia. "Nimekaa naye kwenye benchi, nimemwuliza jirani yako yupo. Ananitazama tu. Lakini benchi si gari. Akiwa garini, kwenye kiti chake, sauti ya injini ile anaijua. Pale atanijua. Mara moja tu, binti yangu. Sitaki zaidi ya hapo."

Basi nikaenda kwa Meneja. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, hata mikono ya shati nimeipandisha. Nikamwambia wazee wa ile nyumba hawajatoka nje ya geti tangu waingie, tuwapeleke hata kulisha wale sungura. Akafikiri kidogo. "Chukua gari Jumatano," akasema. "Mama naye aje kuwaongoza." Nikashusha mikono ya shati.

Jumatano ile Mama Jirani alikuwa getini kabla yangu, raba zinang'aa, filimbi shingoni. Amejipaka hata mafuta ya midomo. Manesi wakawapandisha wazee, wengine kwa viti vya magurudumu, wengine kwa fimbo. Taratibu akaja wa mwisho. Nilimkalisha mwenyewe kiti cha mbele, dirishani. Akaupapasa ukingo wa dirisha kwa kiganja, akatazama barabara, akakanyaga breki yake isiyokuwepo. Mimi na Mama Jirani tukatazamana. Niliingiwa na tumaini, nisiseme uongo.

Nikawasha injini, nikaiacha ingurume. Yeye hakushika maiki. Alianzia nyuma, kiti kwa kiti, akaja mbele, na wazee wale wakajibu kila mtu kwa namna yake, mwingine kwa kupunga mkono tu. Alipofika mbele akakaa pembeni ya mumewe, akaweka mikono mapajani.

"Jirani yako yupo?"

Taratibu akageuka. Akamtazama usoni kwanza, kama inavyotakiwa. Akamtazama sana, nywele, macho, mdomo, kama anayesoma bango kwa mbali. Kisha akatazama mlango uliokuwa wazi.

"Hayupo," akasema. "Mwenzangu hajapanda." Akanigusa bega kwa nyuma. "Mwanangu, usiondoke. Tusimwache."

Nikazima injini.

Mama Jirani akainuka. Akashuka ngazi, akasimama chini kando ya tairi, nikamwona kwenye kioo cha pembeni akijifuta uso kwa viganja vyote viwili na kuivuta blauzi yake ikae sawa. Halafu akapanda tena, haraka, anahema kama mtu aliyekuwa anakimbia. "Nimefika," akasema. "Nisamehe, baba, nimechelewa."

Taratibu akakusanya magoti yake kumpisha, kwa adabu yake ile ile. "Pita, mama, pita ukae upumzike," akamwambia. "Ila kiti hicho kina mwenyewe. Akija, utampisha?"

"Nitampisha," akasema.

Akakaa ukingoni mwa kiti, asije akakijaza. Mumewe akaendelea kuutazama mlango, na baada ya muda mkewe naye akageuza uso wake huko huko, wakawa wanamsubiri wote wawili.